Mkarafuu Ndani ya Stoo

Shangazi yangu, Bi Mwanajuma, tulimzika Alhamisi baada ya alasiri. Siku ya tatu, khitima ilipokwisha na masufuria ya pilau yakawa yanasuguliwa uani, nikakabidhiwa funguo za nyumba ya Raskazone, ile aliyoitunza karibu nusu ya umri wake kwa niaba ya wenyewe walioko Muscat. "Ndiwe uliyekaa naye, zirudishe weye," wakanambia. Kabla ya kuzirudisha nilikwenda peke yangu mpaka mwisho wa ukumbi, nikafungua stoo. Ni chumba cha hatua sita kwa nne, ukuta wa Kijerumani mnene kama urefu wa mkono wangu, na dirisha moja dogo lenye nondo, juu kidogo ya usawa wa kichwa. Walikuwa wamejaza humo viti vya kukodi na magunia ya mchele wa msiba. Nikakaa juu ya gunia. Mwaka mzima wa ujana wangu ulipita humu, na mpaka leo mlango wa lifti ukifungwa nikiwa ndani nasikia harufu ya chumba hiki: chokaa, mafuta ya taa na kitunguu thomu.

Anayenijua hapa Tanga ananijua kwa kazi yangu, na sioni sababu ya kujishusha. Nina ofisi ya vioo, vijana wanane chini yangu, na gemu nne zinazochezwa kwenye televisheni za nchi ambazo wachezaji wake hawawezi kuionyesha Tanga kwenye ramani. Diploma yangu niliichukua Malaysia, nikiosha vyombo mgahawani ili nilipe ada. Hakuna mjomba aliyenitumia hata nauli. Wenzangu wa darasa walibaki huko huko kutafuta ajira kwenye makampuni ya watu. Mimi, nikiwa na miaka ishirini na sita, nilifunga sanduku nikarudi kutengeneza gemu Tanga. Walionicheka wapo, na wawili kati yao wamewahi kuniomba kazi. Lakini watu wanapotaka niwaeleze nilivyoanza, huwa nawapa hadithi fupi: nilijaza fomu, nikakubaliwa, nikafanya kazi kwa bidii. Hadithi ndefu sijapata kuiandika, na shangazi alipokuwa hai sikuona haja, kwa kuwa yeye aliijua.

Mashine za gemu za kufunga kwenye televisheni kila mtu anazijua. Kila mtaa una kibanda ambamo vijana hukaa kwenye benchi wakicheza mpira kwa zamu. Asichojua mtu ni kwamba gemu ya mashine hizo haitengenezwi na yeyote apendaye. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa wa makampuni makubwa peke yao. Kisha, mwaka ule niliorudi, wenye mashine walianza kuwakaribisha watu wadogo, hata mtu mmoja na chumba chake: andika wazo lako, jaza fomu, ukikubaliwa utaazimwa mashine maalumu ya watengenezaji, na gemu yako ikipita mitihani itawekwa dukani mwao pamoja na za wakubwa. Nilipoifungua fomu, katika orodha ya nchi Tanzania haikuwemo. Nikabonyeza "Nchi nyingine". Maswali yaliyobaki niliyajibu kama mtu anayeposa. Ofisi? Ipo. Chumba cha kufungwa kwa kufuli? Kipo. Wafanyakazi? Watano. Nikawataja kwa majina na vyeti vyao: mhandisi wa sauti, mtunzi wa hadithi, msanifu wa picha mwenye shahada, wote watu niliowazaa kichwani siku hiyo hiyo, nikinywa chai ya tangawizi. Niliogopa kwamba mtu mmoja kutoka nchi isiyokuwemo hatasikilizwa.

Si kweli kwamba nilikuwa mmoja. Nilikuwa na Khamis. Khamis alikuwa Mpemba wa Wete, umri wangu, aliyekuja Tanga kuandika mabango ya maduka na kuchora samaki kwenye kuta za migahawa. Kidato cha nne alikimaliza bila cheti cha kujivunia. Nilimfundisha kuchora kwenye kompyuta kwa wiki tatu, na baada ya hapo hakuna nililoweza kumfundisha tena. Na wazo la gemu lilikuwa lake. Mtu anapanda mkarafuu, tawi kwa tawi, akichuma karafuu kabla hazijachanua. Kila tawi lina uzito wake linaoubeba, na matawi ya mkarafuu hukatika bila kuonya. Programu niliiandika mimi, kila mstari, na najivunia. Lakini mti ulikuwa wa Khamis. Kwenye fomu sikumwandika. Palikuwa na safu ya elimu mbele ya kila jina, na niliona atanishushia orodha.

Barua ya kukubaliwa ilikuja, kisha mashine yenyewe ikaja, nzito, nyeusi, na mkataba wake. Mashine isionekane na mtu yeyote ambaye hakuandikwa. Isipigwe picha. Isizungumzwe. Ikae chumba cha kufuli. Shangazi akanipa stoo, akaondoa maboksi yake ya vyombo, nami nikaweka kufuli mbili, nikaziba ufa wa mlango kwa kanga kuukuu. Nikaanza maisha ambayo simwombei hata adui. Kuanzia asubuhi mpaka maghribi nilikuwa humo, feni ikizungusha joto lile lile, shati nikilivua saa nne na kulikamua. Dirisha sikulifungua lote kwa hofu ya macho. Harusi zilipita nje kwa matarumbeta, na moja ilikuwa ya rafiki yangu wa utotoni. Niliisikia inakuja, nikaisikia inakwenda. Umeme ulikatika nitake nisitake, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo watengenezaji wa nchi tajiri hawakulifikiria: gemu yangu ilijihifadhi kila baada ya pumzi moja, ikizimika ghafla mchezaji hapotezi hata karafuu moja. Mitihani yao ya baadaye, sehemu hiyo tuliipita mara ya kwanza. Tanga ndiyo iliyonifundisha.

Khamis alikaa nje. Nilimwambia mkataba haumruhusu mtu kuingia ila mimi, naye akakubali. Akaweka gogo la mnazi chini ya dirisha, akakaa hapo na kompyuta ya mapajani chini ya kivuli cha ukuta, na kila alipomaliza picha alisimama juu ya gogo akanipitishia flashi katikati ya nondo. Mimi nikiiweka kwenye mashine, yeye hana ruhusa ya kuona, ananisikiliza tu.

"Tawi limekaaje?" anauliza.

"Limekaa vizuri."

"Yakhe, vizuri vipi? Likibeba mtu linainama au linasimama kama mwanajeshi?"

"Linasimama kidogo."

"Basi halijakaa. Rudisha hiyo flashi."

Mara nyingine mvua ilimkuta hapo, nikasikia anafunika kompyuta kwa fulana yake, akicheka peke yake. "Weye umefungwa ndani, mimi nimefungwa nje," alinambia siku moja. "Tofauti yetu, mimi napata upepo." Nilicheka naye, nami nikijua kwamba mkataba ule ulikuwa na ukurasa mzima wa mistari mitupu, wa kuongeza jina la yeyote unayemtaka. Kalamu ilikuwa mezani. Kila wiki nilijiambia nitaandika wiki ijayo, kisha naliona neno "elimu", na naiona ile orodha yangu nzuri ya watu wenye shahada, na naogopa kwamba nikigusa jina moja wataanza kuuliza na mengine.

Chakula kililetwa mlangoni. Shangazi alikuwa fundi wa bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, kwa mchuzi wa papa wa nazi, na alipoona sili vya kutosha akabadili: mikate ya kumimina, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka. Aliweka sinia chini, akagonga mara moja, akasubiri. Nami nilisubiri aondoke ndipo nifungue. Katika nyumba ya pwani hakuna tusi kubwa kuliko hilo, mtu kuletewa chakula akafungua mlango baada ya mpishi kuondoka, lakini mimi niliona ninatimiza mkataba. Siku moja nikawasikia chini ya dirisha, yeye na jirani yetu Bi Rukia, wanaparua samaki.

"Mwanajuma, hutaki kusikia, lakini mwanao kaja na kitu."

"Kaja na diploma."

"Diploma haiwaki taa ya buluu chini ya mlango. Mie nimeiona kwa macho yangu haya. Na haoni jua. Na haoi."

"Hana pesa ya kuoa."

"Wanaofuga majini hawaoi, shoga, wivu wa jini mwenyewe. Muulize uone atakwambiaje."

Akaniuliza. Alinivizia naenda kuoga, akasimama ukumbini na kanga yake begani, akaniuliza kwa upole ni kitu gani kile ndani. Nami, kwa ujuha wa aliyesoma, nikamjibu kweli tupu. "Shangazi, siwezi kusema. Nimefunga mkataba na watu wa mbali. Nimeapa asikione mtu. Mkataba ukivunjika, yote niliyoyapata yatapotea." Akanitazama. Akasema, "Sawa, mwanangu," sauti ndogo kabisa. Leo nikiyarudia maneno yale, naona hata maalimu wetu wa chuo cha Kurani angeyasikia angetafuta ubani.

Na Maalim alikuja. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilisikia hodi, na safari hii haikuwa ya sinia. Shangazi akasema mlangoni, kwa sauti ambayo hajapata kuitumia kwangu, "Bakari, fungua, au nitamwita fundi avunje, na hii ni amana ya watu." Nikafungua. Wakaingia Maalim Jabiri, mzee wa chuo chetu aliyenifundisha alifu, wanafunzi wake wanne, Bi Rukia, na nyuma yao Khamis, aliyepewa chetezo cha ubani akishike kwa kuwa alikuwa hapo hapo nje. Ndiyo mara yake ya kwanza kukiingia chumba kile. Nikasimama mbele ya mashine na mikono wazi kama golikipa. Maalim akanisogeza kwa kidole, akainama, akaitazama.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ni mashine ya kutengenezea gemu, Maalim. Shikamoo."

"Marahaba." Akamgeukia shangazi. "Mwanajuma, majini nimeyasoma. Hayana waya. Hii inachomekwa ukutani." Wanafunzi wakacheka. "Lakini tumekuja, tumsomee kijana baraka, kazi yake ifunguke."

Wakasoma, na nitasema kweli, kwa mara ya kwanza mwaka ule chumba hakikunibana. Dua ilipokwisha nikanywa kombe, ile sahani iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa kwa maji ya waridi. Likabaki kidogo. Maalim alikuwa ameshageuka kutafuta viatu. Shangazi akaichukua sahani, akasema, "Na kazi yake nayo ipate," akalimimina lililobaki juu ya mashine, taratibu, bismillahi mdomoni. Pakalia mlio kama wa kijiti kukatika. Taa ya buluu ikazimika.

Khamis akaweka chetezo chini, akachukua karatasi za mkataba zilizokuwa zimelowa chini ya mashine, akaanza kuzitandaza moja moja sakafuni zikauke, mtu mwema, akinisaidia. Kwenye ya tatu akasimama. Niliona macho yake yanashuka mstari kwa mstari.

"Salum Nassoro ni nani?" akauliza.

"Jina tu."

"Hapa pameandikwa msanifu wa picha. Ana shahada. Mikarafuu yangu kaichora yeye?"

"Khamis, fomu ilitaka cheti."

"Ungenambia. Ningekuletea cha kuzaliwa." Bi Rukia akacheka, kisha akaziba mdomo. Khamis hakucheka. Akafunua karatasi iliyofuata, ile ya mistari mitupu, akaipapasa kwa kidole kama mtu anayehesabu. "Watu watano hawapo, umewaandika. Mimi nipo, hukuniandika. Mwaka mzima nimekaa nje, unanambia mkataba haukubali." Akaziweka karatasi juu ya meza, akainyoosha pembe iliyojikunja, akatoka. Kesho yake alipanda boti ya Pemba, na nusu ya picha za gemu zilikuwa kwenye kompyuta yake.

Wenye mashine walitaka taarifa: imeharibikaje, na nani alikuwa chumbani. Ningeweza kuandika kwamba umeme uliruka. Tanga nzima ingenitolea ushahidi. Sikuandika ukweli kwa uchaji Mungu. Niliandika kwa sababu nilikuwa nimebanwa pande zote: mashine imekufa, picha ziko Pemba, na majina matano hayawezi kuchora tawi hata moja. Nikaandika kila kitu. Kwamba wafanyakazi ni wawili, mmoja hana cheti, naye ndiye mwenye wazo. Kwamba shangazi yangu aliibariki mashine kwa maji. Nilitarajia kufukuzwa. Jibu likaja, la mwanamke ambaye sijapata kumwona, akisema taarifa kama ile hajawahi kuisoma, na kwamba mashine nyingine itatumwa, lakini kwanza aletewe orodha ya watu walio hai, na saini ya kila mmoja. Saini moja. Mlango wote ulikuwa umebaki upana wa saini moja.

Nilimkuta Khamis shambani kwao, juu ya mkarafuu, msimu umepamba moto. Nikamwita. Akasema, "Subiri," akaendelea kuchuma mpaka adhuhuri. Mama yake akanikaribisha mkekani pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua karafuu, kuzitenga na vikonyo, nami nikajaribu, vidole vikaniuma, na rundo langu likawa dogo kuliko la bibi asiyeona vizuri. "Kasoma nini huyu?" akauliza yule bibi. "Kasoma mashine," akajibu mama Khamis. "Aa," akasema bibi, na mazungumzo yakahamia kwingine. Nikiwa hapo nikaona jambo ambalo mwaka mzima sikuliona kwenye kioo changu. Kila aliyepanda, chini yake alisimama mwenzake ameshika mwisho wa kamba iliyozungushwa kwenye tawi la juu. Hakuna aliyeinua mguu mpaka wa chini aseme, "Nimekamata."

Khamis akashuka, akala, akaisoma karatasi yote kwa sauti, polepole. Akasema, "Nitaweka saini, na picha nitakupa. Lakini gemu ile ni ya uongo. Nilikwambia mwanzo, ukasema programu itakuwa nzito. Hapandi mtu peke yake. Weka wa chini."

"Hiyo ni kazi ya miezi mingine minne."

"Basi kaa ndani minne."

Akaandika jina lake, herufi nzuri za mwandika mabango, na kwenye safu ya elimu akapiga mstari. Nikamwambia arudi Tanga, mlango sasa uko wazi kwake, kiti nimemwekea. Akanitazama bila hasira. "Mimi sina tena hamu ya chumba kile, Bakari. Nenda kamalize."

Nikakaa ndani miezi minne. Mashine mpya iliwekwa juu ya meza ndefu, shangazi akikaa umbali wa hatua tatu kila aletapo sinia, na mimi nikimfungulia mwenyewe. Kazi ilikuwa ngumu kuliko yote niliyofundishwa, watu wawili, mienendo miwili, kamba moja kati yao, na ndiyo iliyofanya gemu ile isifiwe na watu nisiowajua. Waliandika kwamba hawajapata kushika kamba kwa hofu namna ile. Sifa nilizipokea, na bado ninazo. Jina la Khamis linatangulia langu kwenye kioo. Hakurudi. Nilipompelekea habari za msiba huu wa shangazi alinipigia simu, akamsomea marehemu dua ndefu, akaniuliza hali, akakata.

Siku gemu ilipowekwa dukani ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Mkataba sasa uliruhusu kuionyesha. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo mwaka mzima na zaidi, na ilipofika niligundua kwamba sina wa kumwita. Nikafungua mlango, nikamwita shangazi kutoka jikoni. Akaja, akasimama kizingitini, akatazama mkarafuu uliojaa kwenye televisheni, mtu mmoja juu ya tawi la kwanza na mwingine kasimama chini, kamba mkononi.

"Huu mti nimeuona Pemba," akasema. "Kachora Khamis?"

"Kachora Khamis."

"Na huyu wa juu ni weye?"

"Ni mimi."

"Na wa chini anamchezesha nani?"

Pedi ya pili ya kuchezea ilikuwa mezani, bado imo ndani ya nailoni yake. Shangazi akanawa mikono kwenye ndoo ya ukumbini, akajifuta vizuri sana kwa kanga, kila kidole, akaja akakaa mkekani karibu yangu, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa kusogea karibu na mashine. Akaichana nailoni. Nikamwonyesha kitufe cha kukaza na cha kulegeza. Nikapanda. Tulianguka kabla ya tawi la pili, mtu wangu akalala chini ya mti na karafuu zimetawanyika.

"Nimekuua?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Anaamka."

"Basi panda tena," akasema, pedi ameibana kwa mikono yote miwili. "Na mara hii usikimbilie juu kabla sijakwambia nimekamata."